MANENO YA KIINGEREZA YA MWENDO NA UPESI
Somo kwa waalimu na kwa wote waandikao barua

Yako maneno katika Kiingereza ambayo mwanafunzi hujifunza mwaka wa kwanza, akadhani ameyamaliza, kumbe hajayaanza. Miongoni mwake ni maneno yaelezayo mwendo na upesi. Mwulize mtoto wa shule hapa Buhemba, au Butiama, au Musoma mjini, maana ya "fast", naye atajibu bila kusita, "Haraka." Mwulize "quick", atajibu, "Haraka." Mwulize "soon", "prompt" na "hasty", atazunguka kidogo, kisha atarudi pale pale. Hakukosa kabisa, maana maneno hayo yote ni ya ukoo mmoja. Lakini watu wa ukoo mmoja hawavai kanzu moja, wala hawaitwi kwa jina moja mbele ya baraza.

Makosa ya maneno haya hayakai darasani tu. Barua ya kumwita tabibu, cheti cha dawa, karatasi ya mahakama, sanduku la baruti mgodini, barua ya sifa apewayo kijana aendaye kutafuta kazi, vyote hivi hubeba maneno ya upesi, na katika nchi yetu vingi vimeandikwa kwa Kiingereza na kusomewa watu wasiokijua. Asomaye ndiye mwenye dhamana. Akigeuza neno vibaya, mara nyingi hasara haimpati yeye bali yule aliyekuja kwake na karatasi mkononi.

Basi tuanze na ndugu wawili wakubwa, "fast" na "quick". Neno "fast" hutazama mwendo wenyewe, jinsi kitu kinavyokata njia. Neno "quick" hutazama wakati, kwamba jambo limeanza na kwisha bila kula muda. Basi litokalo Buhemba kwenda Musoma likienda kwa kasi ni "a fast bus". Dereva wake akishuka njiani akanywa chai na kuimaliza kwa dakika mbili, hiyo ni "a quick cup of tea". Hakuna Mwingereza aitaye "a fast cup of tea", kwa kuwa chai haiendi mahali. Vivyo hivyo jibu la upesi ni "a quick answer", na kutupa jicho mara moja ni "a quick look". Mtu atatuuliza, Mbona chakula cha mikahawa ya mijini huitwa "fast food"? Hilo ni jina la biashara lililoenea kutoka Marekani, na majina ya biashara hayana adabu ya sarufi. Lisimharibie mwanafunzi kanuni yake.

Mfano mzuri wa maneno haya mawili twao katika mkoa wetu wenyewe. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, alikimbia mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akapata medali ya fedha kwa dakika 13 na sekunde 21.60. Aliyemtangulia ni Miruts Yifter wa Ethiopia, kwa dakika 13 na sekunde 20.91. Hao wote wawili walikuwa "fast", maana haiwezekani kumaliza njia ile kwa muda ule pasipo kasi ya kudumu. Lakini Yifter alijulikana duniani kwa jambo jingine: alipokaribia mwisho alifyatuka ghafula kama jiwe katika kombeo, na wenzake walipotambua alikuwa amekwisha kwenda. Hapo ndipo "quick" hufaa. Kasi yao ilikaribiana sana; kilichowatenga ni chini ya sekunde moja.

Kwa hiyo mwalimu akitaka kuyagawa maneno yetu, na aweke "kasi" na "mbio" karibu na "fast", na "upesi" karibu na "quick". Neno "upesi" lakaa vema hapo, kwa kuwa twasema pia "mwepesi wa kuelewa", na Mwingereza naye husema "quick to understand". Na mwepesi wa hasira kwao ni "quick-tempered". Ama "haraka", hilo tutalirudia mbele, maana lina nyuso mbili.

Neno moja la sarufi kabla ya kuendelea. Kutoka "quick" hupatikana "quickly", lakini kutoka "fast" hakupatikani "fastly". Neno hilo halimo katika Kiingereza cha leo, ingawa twaliona katika madaftari ya wanafunzi kila mwaka. Husemwa "he runs fast", basi. Na vijana wa mijini wasemao "fanya fasta" wajue kwamba neno lao limetoka katika "faster", ambalo kwa Kiingereza hulinganisha vitu viwili, huyu amshinda yule kwa mbio. Katika Kiswahili chao halilinganishi kitu. Ni kuhimiza tu. Atakayelirudisha Kiingereza kama lilivyo atamwambia mkubwa wake, "Do it faster," naye mkubwa atauliza, Kuliko nani?

Sasa tufike palipo na matata, nayo ni matata yenye faida. Neno "fast" halikuanza na maana ya mbio. Maana yake ya zamani ni imara, iliyokazwa, isiyotikisika. Maana hiyo haikufa, yaishi hata leo pamoja na ile ya mbio, na ndiyo huwatega wengi. Kitambaa chenye rangi isiyochuja husemwa rangi yake ni "fast". Mtu aliyelala usingizi wa fofofo ni "fast asleep". Rafiki wa kufa na kuzikana ni "a fast friend", wala si rafiki aliyepatikana kwa haraka. Na ziwani, nahodha akifika gatini akapaza sauti, "Make fast!", asema, Fungeni kamba. Kijana asiyejua maana hii atasikia "fast", adhani ahimizwa, naye atavuta makasia kwa nguvu zote hata chombo kigonge ukuta.

Wengine hushangaa, Yawezekanaje neno moja kuwa imara na kuwa mbio? Mwenye Kiswahili hana sababu ya kushangaa, maana nasi twafanya vivyo hivyo. Twasema "kaza kamba", na kamba haiendi. Tena twasema "kaza mwendo", na msafiri huzidi kwenda. Ni kitenzi kile kile. Atembeaye kwa kukaza ndiye aendaye mbio, na Waingereza wa kale walipita njia hiyo hiyo: kukimbia kwa nguvu na uthabiti kukawa kukimbia kwa kasi. Mwalimu akilieleza jambo hili kwa "kaza", darasa zima litalishika siku hiyo hiyo.

Wala si hilo tu. Kuacha kula kwa ajili ya ibada, kwa Kiingereza ni "to fast", na kwa Kiswahili ni kufunga. Hapa tena neno la kushika na kukaza limekuwa neno la saumu, kwao na kwetu, ingawa lugha hizi mbili hazikuzaliwa nyumba moja. Na chakula cha asubuhi waitacho "breakfast" maana yake ni kuvunja mfungo wa usiku, nasi twaita kifungua kinywa.

Kwa kuwa tupo karibu na Ziwa Victoria, tuongeze jambo dogo la vyombo. Mwendo wa meli huhesabiwa kwa "knots", yaani mafundo, kwa sababu mabaharia wa zamani walitupa majini kamba yenye mafundo, wakahesabu mangapi yamepita mikononi kabla mchanga wa chupa haujaisha. Fundo moja leo ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilometa 1.852. Basi meli huwa "fast" kwa mafundo ikiwa safarini, tena hufanywa "fast" kwa fundo ikiwa gatini.

Na saa ya ukutani je? Karani mkubwa akisema, "The clock is ten minutes fast," hasemi kwamba mishale yake yazunguka kwa kasi. Asema imetangulia dakika kumi: ikionyesha saa nne kamili, saa ya kweli ni nne kasoro dakika kumi. Kinyume chake ni "slow", imechelewa. Mwalimu wa zamu asipojua hilo atapiga kengele kabla ya wakati, na watoto watokao mbali watahesabiwa wamechelewa bila kosa lao.

Tena twataka kuwaonya hasa wale waandikao barua za sifa. Mtu akiitwa "fast", bila kutajwa mbio wala kazi, Kiingereza cha zamani kilimaanisha mwenye anasa, asiyejali heshima yake, na maana hiyo bado yajulikana. Mwalimu amwandikiaye binti maneno "she is a fast girl", akikusudia kusema ni mwepesi wa kazi, amemfungia mlango alioutaka kuufungua. Wala "she is a hasty worker" haitamfaa, maana "hasty" ni mwenye pupa, afanyaye kabla ya kufikiri. Aandike "she is quick at her work", au akitaka kusema kwamba hachelewi kufika wala kujibu, "she is prompt". Neno "prompt" ni zuri sana katika barua. Lina sifa ndani yake: kutenda papo hapo panapohitajiwa, bila kungojwa wala kusukumwa. Mlipaji deni kwa siku yake ni "prompt". Mkimbiaji hodari haitwi hivyo hata akivunja rekodi.

Sasa turudi kwa "quick", maana nalo lina historia. Asili yake ni hai, yenye uhai. Katika Imani ya Mitume ya Kiingereza cha zamani, waitwao "the quick" ni walio hai, wakitajwa pamoja na waliokufa. Nyama laini iliyo chini ya ukucha, yenye kuuma ikiguswa, huitwa "the quick" kwa sababu hiyo hiyo. Chokaa iliyochomwa isiyotiwa maji bado ni "quicklime", kwa kuwa ikitiwa maji huchemka na kutoa moto kana kwamba ina roho.

Na kuna neno ambalo watu wa Buhemba wana haja nalo kuliko wengine. Hapa ni mahali pa dhahabu tangu wakati wa ukoloni, na katika machimbo ya wachimbaji wadogo mikoani mwetu hutumika zebaki ya kukamatia dhahabu. Zebaki kwa Kiingereza ina majina mawili, "mercury" na "quicksilver". Hilo la pili maana yake ni fedha iliyo hai, kwa kuwa ni nyeupe kama fedha nayo hukimbia mezani ikijigawa na kuungana kama kitu chenye uhai. Asidhani mtu kwamba imeitwa hivyo kwa kuwa huleta utajiri upesi. Wala asidhani kwamba kama ingekuwa sumu ingeua upesi, na kwa kuwa jana hakuanguka, basi yu salama. Mvuke wake, hasa ichomwapo ili dhahabu ibaki, huingia kwa pumzi na madhara yake hujikusanya mwilini polepole: mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, na mtoto aliye tumboni huweza kuumia kabla hajazaliwa. Mataifa yalipatana juu ya kupunguza matumizi yake katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, nao umepewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliumia sana kwa sumu hiyo. Jina lasema upesi, sumu yaenda polepole. Msomaji asidanganywe na jina.

Tukiwa bado mgodini, tutazame maneno ya baruti, maana hapo kosa la neno halina nafasi ya kusahihishwa. Mwaka 1831 Mwingereza mmoja wa Cornwall, William Bickford, alipata hati ya utambi aliouvumbua, uitwao "safety fuse". Kabla yake wachimbaji walitumia mabua na manyoya ya ndege yaliyojazwa baruti, na hakuna aliyejua kwa hakika kama moto utakwenda "fast" au "slow". Wengi walikufa kwa sababu ya shaka hiyo. Faida ya utambi wa Bickford haikuwa upesi. Faida yake ilikuwa kwenda polepole kwa mwendo mmoja unaojulikana, ili aliyewasha apate kuondoka. Wa leo kwa kawaida huchukua karibu sekunde 100 au zaidi kwa mita moja. Lakini iko kamba nyingine, "detonating cord", ambayo kwa macho ya mgeni yaweza kufanana nao, nayo hulipuka kwa mwendo wa kilometa 6 hadi 7 katika sekunde moja. Huyo aliyekwenda kuwasha hana hata wakati wa kugeuka.

Na fataki za kulipulia zina maneno yake sandukuni. Zilizoandikwa "instantaneous" hulipuka papo hapo umeme ufikapo. Hakuna neno la upesi lipitalo hilo katika Kiingereza chote. Zilizoandikwa "delay" zimetengenezwa ngoja kidogo, kila moja kwa muda wake, ili miamba ivunjike kwa zamu. Neno "delay" kwa karani ni uzembe, kwa fundi wa baruti ni kipimo. Mwenye kusoma masanduku hayo kwa niaba ya wenzake asiridhike na kusema "hizi za haraka, na hizi za polepole". Asome neno lenyewe, na namba iliyo karibu nalo, na kazi ya baruti aiache kwa mwenye cheti chake.

Tuondoke mgodini, twende zahanati. Sisi twasema "mara moja" kwa maana mbili: kwamba jambo litendwe papo hapo, na kwamba litendwe mara moja tu, si mbili. "Njoo mara moja" yaweza kuwa wito wa hima, tena yaweza kuwa ombi dogo la kuja kidogo kisha uende zako. Kiingereza kimeyatenga: papo hapo ni "at once", na idadi ni "once". Yatazame vizuri, maana kinachoyatenga ni silabi moja tu. Cheti kikisema "Take at once", mgonjwa ameze sasa. Kikisema "Take once daily", ameze mara moja kila siku. Aliyeambiwa "mara moja" tu, bila maelezo, aweza kumeza kidonge kimoja leo na kuviacha vilivyobaki dirishani, au kuvimeza vyote kwa pigo moja. Yafaa asomaye cheti aseme "sasa hivi" au "mara moja kwa siku", asiyaache maneno yakae uchi.

Lakini hata "sasa hivi" imeanza kuchoka. Mwenye kupeleka nguo kwa fundi wa cherehani anajua. Jambo hili si ugonjwa wa Waswahili peke yao, maana "soon" katika Kiingereza cha kale ilimaanisha papo hapo, na watu waliitumia kwa ahadi zao mpaka ikawa baadaye kidogo. Hata "presently" imepita njia hiyo. Yaonekana kila taifa lina mafundi wake wa cherehani. Kwa hiyo mtu anayemwita tabibu kwa mgonjwa aliyezidiwa asiandike "Please come soon", kwa kuwa tabibu ataelewa kwamba leo jioni yafaa, au hata kesho. Aandike "Please come at once." Na asiandike "Please come early", maana "early" ni mapema, kabla ya saa iliyowekwa, na hapa haikuwekwa saa yo yote. Mkutano ukiwa saa tatu, ajaye saa mbili unusu ni "early". Ajaye kwa baiskeli akitokwa jasho akafika saa nne alikuja "fast", na bado alichelewa.

Karatasi za serikali na za mahakama zina kabila lao la maneno. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, nalo lilikuwa jambo kubwa. Lakini maandiko mengi ya zamani yalitungwa kwa Kiingereza, na wazee wa mabaraza bado hukutana nayo. Wakiliona "forthwith", wajue ni bila kukawia hata kidogo, ondoka sasa. Wakiliona "as soon as practicable", ni mapema iwezekanavyo, na hapo mvua, mto uliofurika na ukosefu wa gari huhesabiwa kuwa udhuru wa haki. Ni tofauti kubwa kwa mtu aliyezuiliwa, au kwa mwenye shamba aliyeamriwa kuhama. Ama "in due course", maana yake ni kwa wakati wake. Mwombaji aliyejibiwa hivyo asikae mlangoni akingoja, wala asikate tamaa. Hakukataliwa, na hakuahidiwa siku.

Yamebaki maneno mengine ambayo hayahitaji maneno mengi. "Swift" ni neno la heshima na la masimulizi, hufaa kwa mnyama, mshale, na mkondo wa maji: duma wa Serengeti ni "swift", na maji ya Mto Mara wakati wa mvua kubwa, kabla hayajafika Daraja la Kirumi na kuingia ziwani, ni "swift" pia. "Rapid" hupenda mambo yanayofuatana au kugeuka kwa upesi, kama mapigo ya moyo, au ongezeko la watu. Mto unaporuka juu ya mawe, mahali pale huitwa "rapids".

Kuhusu neno hili la mwisho yafaa kutaja lililotokea Dar es Salaam. Mabasi yale makubwa yenye njia yao peke yao yalipoanza kazi mwaka 2016, jina lake la Kiingereza lilikuwa na "rapid", na wakala wake kwa Kiswahili akaitwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka. Tafsiri ni sahihi, lakini watu waliliacha jina hilo ofisini wakayaita "mwendokasi", neno ambalo walimu wa fizikia walikuwa wakilitumia kwa "speed". Twaona watu walichagua vema. "Haraka" ilikuwa na doa; "kasi" haikuwa nalo.

Doa hilo ndilo tulilosema tutalirudia. "Haraka" yasifu na yalaumu. "Huduma ya haraka" ni sifa, na Kiingereza chake ni "quick service". Bali katika methali isemayo haraka haraka haina baraka, "haraka" ni lawama, na hapo Kiingereza chake ni "haste". Mfasiri lazima aangalie uso gani umemgeukia. Na Waingereza wanayo methali yao, "More haste, less speed", ambayo wanafunzi huicheka, wakisema, Yawezekanaje mwenye kuharakisha akose mwendo? Siri yake ni kwamba "speed" zamani haikuwa mwendo. Ilikuwa mafanikio, kheri, kunyookewa na mambo. Hata leo msafiri huombewa "Godspeed", na maana yake si kwamba Mungu amkimbize, bali amfanikishe. Basi methali yao yasema: haraka ikizidi, kheri hupungua. Msomaji na ailinganishe na yetu neno kwa neno, aone jinsi "baraka" ilivyokaa mahali pa "speed" kana kwamba wazee wa pande mbili walikaa baraza moja.

Mwisho ni vitenzi. Kiingereza mara nyingi hakiongezi neno la upesi, bali hubadili kitenzi chenyewe: "rush", "dash", "hurry", "dart". Sisi husema alitoka mbio, alitimua mbio, alichomoka, alikurupuka. Basi "He rushed into the house" isigeuzwe "Aliingia nyumbani kwa kukimbia kwa haraka". "Aliingia nyumbani mbio" yatosha. Mwandishi mmoja, William Edgett Smith, mwaka 1971 alitoa kitabu juu ya Mwalimu Julius Nyerere, na jina lake lilikuwa We Must Run While They Walk. Hakutia humo "fast" wala "quick". Vitenzi viwili vilimtosha. Na Mwalimu mwenyewe, mzaliwa wa Butiama hapo jirani, alipotafsiri tamthilia za Shakespeare hakuchukua neno la kwanza la kamusi: wafanyabiashara wa Venisi aliwaita mabepari, kitabu kikatoka kwa jina hilo mwaka 1969. Kamusi hutoa maneno matano kwa moja. Kuchagua ni kazi ya mwenye kalamu.

Waalimu na wasomaji wapendao wajaribu kuyageuza maneno haya kwa Kiingereza, na wasitumie neno moja la upesi mara mbili:

1. Saa ya shule imetangulia dakika tano.
2. Funga mtumbwi barabara, upepo waja.
3. Mgonjwa amezidiwa, tafadhali njoo mara moja.
4. Kijana huyu ni mwepesi wa kazi, lakini hana pupa.
5. Tulifika mapema kwa sababu dereva alikaza mwendo.
6. Fundi wa cherehani amesema sasa hivi.